Kabla ya kabati la mninga, pimeni uzito

Wiki iliyopita mwalimu mmoja mstaafu, mtu ninayemheshimu sana, alinitumia picha za Hiace yake ya kulala ndani. Sehemu kubwa ya kiinua mgongo imeingia humo. Yeye na mama wanataka kwenda Matema, wakae ufukweni mwa Ziwa Nyasa mpaka wachoke wenyewe, kisha warudi kwa njia ya hifadhi ya Kitulo wakati maua yamechanua. Nilifurahi mpaka nilipofika picha ya sakafu. Marumaru! Kabati za mninga zimepanda hadi darini. Meza ya jiko ina granaiti. Juu ya paa kuna tangi la maji la lita 250.

Nimekasirika, na mwalimu hana kosa. Hasira yangu ni kwa fundi aliyepokea pesa ya mzee akamjengea gari bila kulipandisha kwenye mzani hata mara moja.

Tupige hesabu. Marumaru za sakafu ya Hiace pamoja na gundi yake ni kama kilo 100. Granaiti ya unene wa sentimita mbili, mita moja ya mraba tu, inapita kilo 50. Lita 250 za maji ni kilo 250. Chini ya kitanda kaweka betri mbili za asidi za Ah 200 (ampea-saa, kipimo cha umeme ambao betri inaweza kutunza), nazo kwa pamoja zinakaribia kilo 120. Hapo tumeshapita nusu tani, na hatujagusa mninga, godoro, friji, mtungi wa gesi, vyakula, wala wenye gari wenyewe. Hiace ya mizigo imetengenezwa kubeba takriban tani moja. Na kwa kuwa mizani ya barabarani inawahusu wenye magari ya kuanzia tani 3.5, mwalimu atapita mzani wa Vigwaza bila mtu kumuuliza chochote. Wa kumwambia alikuwa fundi peke yake.

Sasa chukueni gari hilo mpeleke mlima wa Kitonga. Kupanda litapanda, kwa gia ya kwanza na injini ikichemka. Ninachoogopa ni kushuka. Dereva akishuka na mguu juu ya breki muda wote, breki zinapata moto, mafuta yake yakiwa ya zamani yameshavuta unyevu yanaanza kuchemka, na pedali inazama mpaka chini bila gari kupunguza mwendo. Hilo tangi la paani nalo linalivuta gari pembeni kwenye kila kona. Na njia ya Kitulo aliyoichagua, akiteremkia Matamba kwenda Chimala, ina kona ambazo wenyeji wamezihesabu wakaipa barabara jina: Hamsini na Saba. Nikifikiria mama amekaa kiti cha kushoto kwenye kona hizo, nakosa usingizi, nasema kweli.

Watu wakisikia gari la kujitegemea wanadhani maana yake ni kubeba kila kitu. Mimi naona kujitegemea kunaanza kwa kupunguza mahitaji, kisha unabeba kile kidogo kilichobaki. Friji ndogo ya volti 12, ya lita 40 hivi, kwenye joto la Kyela inakula kama Ah 40 kwa siku. Ongeza taa, simu na feni, bado betri moja ya lithiamu ya Ah 100 inatosha usiku kucha na siku ya mawingu inayofuata, na uzito wake ni kama kilo 12. Betri ya asidi haifai kumalizwa zaidi ya nusu, kwa hiyo kupata umeme uleule unahitaji ya Ah 200, karibu kilo 60. Ndiyo, lithiamu ni ghali dukani, hilo sibishi. Lakini betri ya asidi inayomalizwa kila usiku haidumu, na mstaafu hana mshahara wa mwezi ujao wa kununulia nyingine. Paneli ya wati 200 kwa jua letu inairudishia friji hiyo chake na ziada.

Kiyoyozi sikitaki hata kukijadili. Kikivuta wati 1,000 kwa saa nane, unahitaji betri sita au saba kama ile ya lithiamu. Pwani kukiwa na joto, panda Lushoto au Njombe ukalale na blanketi.

Maji nina neno nayo. Watu wawili wakitumia lita 10 kila mmoja kwa siku, lita 100 zinawafikisha siku tano, na barabara zetu hazina siku tano bila bomba. Wekeni kwenye madumu ya lita 10, chini, katikati ya magurudumu. Dumu la lita 10 mzee wa miaka 65 analibeba mwenyewe mpaka bombani na kurudi. Na kabla ya mlima unamwaga nusu, ukifika juu unajaza tena.

Mninga ni mzuri, nakubali, na ubao wa MDF, ule wa unga wa mbao uliogandishwa, ukipata unyevu wa Tanga unavimba. Lakini ipo plaiwudi ya milimita 9, karatasi nzima kilo kama 16, inapakwa vanishi na inadumu. Pesa ya marumaru ingenunua godoro zuri na kitanda cha kimo cha kiti, kwa sababu magoti ya miaka 65 yanaamka usiku kutafuta choo. Gesi iwe ya mtungi wa kilo 6, kabati lake liwe na tundu chini kabisa linalotokea nje, maana gesi ikivuja inatuama chini.

Mafundi wetu wana mikono mizuri, hilo najivunia. Ninachowaomba ni karatasi moja: gari lilikuwa na kilo ngapi lilipoingia, lina kilo ngapi linapotoka, mbele ngapi na nyuma ngapi. Na ninyi wazee wangu, msikabidhi malipo ya mwisho kabla ya karatasi hiyo. Kama gereji haina mzani wa gari, wa mazao upo kila soko. Kabati, betri na friji vipimwe kimoja kimoja kabla ya kufungwa ndani. Mwalimu nimeshampigia. Jumatatu marumaru zinaanza kung'olewa.