Njia ya Mwongo ni Fupi

Mama watoto kanitumia picha nyingine asubuhi hii. Njia ya mbao imejipinda vizuri, kulia maji, kushoto maji, jua linachungulia kwenye majani ya mikoko, na katikati mtoto mwenye kofia ya manjano anatembea peke yake, mikono nyuma, kama mwalimu mkuu anayekagua madarasa. Chini yake imeandikwa: "Matembezi rahisi. Mandhari ya kuvutia. Yanafaa kwa familia." Halafu yeye mwenyewe kaongeza: "Jumamosi hii?"

Sijajibu. Naiangalia ile alama ya kuuliza, nayo inaniangalia.

Tukubaliane kwanza: aliyeandika "rahisi" hakuwa na mtoto, au anaye lakini siku hiyo alikuwa kwa bibi yake. Na yule wa kwenye picha si mtoto, ni mwajiriwa. Mtoto wa kweli hatembei katikati ya njia hata siku moja. Anafuata ukingo, tena ule upande ambao hawakuweka kizuizi, macho yako juu kwa ndege ambaye wewe ndiye uliyemwonyesha.

Kuna Mskoti mmoja, William Naismith, mwaka 1892 aliwawekea wapanda milima kanuni ambayo wanaitumia mpaka leo: kilomita 5 kwa saa, na kwa kila mita 600 unazopanda ongeza saa nzima. Namheshimu. Lakini kanuni yake haina kifungu cha jiwe zuri. Haina "nibebe". Haina mkojo wa ghafla wa mtu aliyeulizwa mara tatu langoni akasema hana. Mimi nimeirekebisha: mtoto wa miaka 4, kilomita 1, saa moja na nusu, na kwa kila mdudu ongeza nusu saa. Hapo ni tambarare.

Msidhani nasema kwa kusikia. Mwezi uliopita nilikwenda, kwa miguu yangu na akili zangu timamu: mimi, mama watoto, mkubwa wa miaka 7, wa kati wa miaka 4, wa mwisho kwenye kigari chake, na mama mkwe, ambaye alisema yeye si wa kutembea sana, anakuja kuangalia tu. Langoni kibao kikasema kilomita 1.2, dakika 30. Wahenga waliosema njia ya mwongo ni fupi walikuwa wamesimama mbele ya kibao hichohicho.

La kwanza, maji hayakuwepo. Jirani alikuwa amekwenda wiki moja kabla, saa 4 asubuhi, akarudi na picha za bahari imefika mpaka chini ya mbao. Nasi tukafika saa 4 kamili, wiki moja baadaye, kama watu wenye mpango. Tope tupu. Nyumbani ndiyo nikapiga hesabu: maji hufuata mwezi, na kila siku yanachelewa kama dakika 50. Zidisha kwa siku 7, unapata karibu saa 6. Yaani saa ileile aliyokuta yamejaa, mimi ndiyo yamekupwa mpaka mwisho. Hiki kitu hakihitaji chuo. Kinahitaji mtu mmoja kukiandika kwenye kibao badala ya "mandhari ya kuvutia".

Na tope la mikoko lina harufu yake, ile ya yai viza. Wa kati akasimama, akavuta pua, akageuka kwa heshima zote akauliza: "Bibi, ni wewe?"

Mama mkwe akatazama mbali sana. Mimi nikaokoa jahazi kwa elimu. Nikaeleza kwamba tope lile halina hewa, kwamba vijidudu wanaoishi humo ndio wanaotoa gesi hiyo, na ndiyo sababu mizizi ya mchu, aina ya mkoko, inachomoza juu kama penseli, inatafuta pa kupumulia. Nilieleza vizuri, nadhani. Hakuna aliyenisikiliza. Wote watatu walikuwa bado wanamwangalia bibi.

Sasa kigari. Aliyejenga ile njia alizilaza mbao kwa urefu, zifuate mwendo, na kati ya ubao na ubao kaacha upenyo wa maji kupita. Upenyo huo na gurudumu la mbele la kigari ni pete na kidole. Mbao zikikatiza njia, unasukuma, kunakuwa na mtetemo, mtoto analala. Zikilazwa kwa urefu, gurudumu linazama, kigari kinasimama, wewe hujasimama. Nilikuwa nimeinama kulichomoa kwa mara ya sita, upana wa njia ni kama mlango, kizuizi hakuna, nikainua uso, nikaona viatu vya mwanaume.

Mbele ya viatu kulikuwa na magurudumu. Mengi. Lilikuwa kigari cha mapacha, cha kukaa ubavu kwa ubavu, limeenea njia nzima kama kizibo kwenye chupa. Nyuma yake mke wake. Nyuma ya mke, mama mtu mzima mwenye uso ninaoujua, uso wa "mimi naangalia tu".

"Habari za saa hizi, kaka?"

"Nzuri, kaka. Za kwenu?"

"Salama. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo kabisa." Mapacha walikuwa wanalia. Wangu naye akaitikia.

"Karibuni," nikasema, nikionyesha kwa mkono.

"Aa, karibuni nyinyi."

Hapo ndipo lugha yetu ilipotuponza. Karibu ukishaitoa huwezi kuirudisha, na wa pili lazima atoe kubwa zaidi. Tulikaribishana mpaka mikono ikachoka. Kila mmoja alimkaribisha mwenzake kwa moyo mmoja kwenye nafasi ambayo haikuwepo.

Nikabadili mbinu. Nikasema kwa upole kwamba kwa kawaida mwenye mtoto mchanga ndiye hupewa njia, na wangu ana miezi 9.

"Wangu wana miezi 8," akasema.

Nikaona huyu mtu amejiandaa.

Akasema wao wametoka mwisho kule, wamebakiza kidogo watoke. Nikasema sisi ndiyo tunaanza, tukirudi nyuma watoto watavunjika moyo. Wa kati akapaza sauti kwamba yeye anataka kurudi nyuma. Nikajifanya simjui. Mlimani angalau pana utaratibu: anayeshuka humpisha anayepanda. Hapa ni tambarare, Naismith kanyamaza, na mafahali wawili tumo kwenye zizi la upana wa mlango.

Nyuma yangu watu wakaanza kujaa. Vijana wawili na kamera. Wazee wa makamo na darubini ya ndege. Halafu akafika mtu wa mazoezi, anakimbia, na kwa kuwa watu wa namna hiyo hawaruhusiwi kusimama, akaendelea kukimbia palepale alipo. Mbao zote zikawa zinadunda. Mapacha wanadunda. Mama mkwe anadunda. Nikamgeukia, nikamwambia kaka, tafadhali. Akaniambia moyo wake upo kwenye mia na arobaini, hawezi kuushusha ghafla.

Uingereza, huko Somerset, kuna njia ya mbao ya kuvukia kinamasi ambayo miti yake ilikatwa mwaka 3807 au 3806 kabla ya Kristo. Inaitwa Sweet Track, ilikuwa na urefu wa karibu kilomita 2, na pa kukanyaga ni ubao mmoja tu. Ilitumika kama miaka 10, basi, ikamezwa na kinamasi. Wataalamu wana maelezo yao kuhusu maji kupanda. Mimi naamini siku moja walikutana wawili pale katikati, mmoja akasema karibu.

Wakati sisi waume tunaendelea na mazungumzo ya amani, kina mama wawili walikwishasalimiana, wakajuliana hali za magoti, wakagundua kwamba goti la wote ni la kushoto, wakaketi ukingoni miguu inaning'inia. Mama mkwe kavua mtandio wake kampa mwenzake awafunikie mapacha jua. Kisha, bila hata kugeuka, akasema:

"Mkwe, kwani hicho kigari hakikunjiki?"

Kimya. Hata wa mazoezi nilisikia kapunguza.

"Hakikunjiki, mama," nikasema. Miezi 9 nakisukuma. Nakipandisha ngazi kizima kizima. Nakipakia garini kwa kulaza viti. Ningejua.

Mama watoto akamchukua mtoto. Mama mkwe akanyoosha mguu ule mzima, akagusa kitu kwa kidole gumba, na kigari kikajikunja kama mwavuli, na mkoba wa nepi ndani yake. Kumbe kina kitufe. Kiko chini, chekundu, kimeandikwa KUNJA HAPA kwa picha, kwa ajili ya wasiojua kusoma.

Nikakiweka kichwani kama askari anayevuka mto na bunduki yake. Tukapita ubavu ubavu, mimi na baba mapacha tumevuta matumbo kwa kadiri Mungu alivyotujalia, pua zinakaribia kugusana, na hapo kwenye kupita akaninong'oneza: "Cha kwangu nacho nasikia kinakunjika." Nilimpenda sana yule mtu kwa sekunde mbili.

Kisha kiatu cha mtoto kikaponyoka, kikapita kwenye upenyo.

Kilitua kwenye tope chali, cheupe, kidogo. Kaa mmoja akatoka shimoni kukiangalia. Yule kaa mwenye gando moja dogo na lingine kubwa karibu sawa na mwili wake. Akasogea upande, akasimama, akaanza kulipunga gando lile kubwa juu, chini, juu, chini. Watoto wote, wangu na mmoja ambaye simjui, wakalala kifudifudi wamebandika jicho kwenye upenyo. Dume ndiye mwenye gando hilo, nikawaambia, na analipunga ama kumwita jike ama kumtishia dume mwenzake aliyeingia kwenye njia yake. Nilimwelewa mno.

Walilala pale dakika 25. Tulikuwa mita 300 kutoka langoni. Hizo mita 900 zilizobaki hakuna aliyeziulizia tena, isipokuwa wa mazoezi, aliyeturuka mmoja mmoja.

Mengine siyataki hata kuyasimulia. Kichwa cha mkubwa kilichoingia kwenye nondo za jukwaa la kutazamia ndege kikakataa kutoka. Ule ubao wenye ukungu wa kijani ambapo nilikalia heshima yangu, wakati njia nyingine wanapigilia tu wavu wa waya, kama ule wa banda la kuku, na watu wanapita salama hata mvua ikinyesha. Choo, ambacho kwenye ramani kipo.

Na nimekwishajua kwamba hakuna pa kukimbilia. Nimesoma habari za Anhinga Trail kule hifadhi ya Everglades, Florida, Marekani: njia fupi ya kuzunguka, kilomita 1 na ushei, sehemu yake ya mbao, ukipita unaona aligeta, huyo binamu yake mamba, kajilaza jirani. Nayo inasifiwa kwamba inafaa kwa familia. Familia ya nani, hawasemi. Lakini kilichonimaliza ni maegeshoni: kuna tai mzoga pale wanaokula mipira ya madirisha ya magari, wanang'oa na vifuta kioo, mpaka hifadhi inawaazima wageni maturubai ya kufunikia. Hebu fikiria umetoka salama kwa aligeta, umebeba mmoja, umekokota wawili, unafika garini unamkuta ndege anatafuna.

Afadhali Jozani kule Unguja. Njia ya mbao inaingia mikokoni, na msituni kuna kima punju, ambao wanakula majani yanayovuruga tumbo, kisha wanatafuta mkaa wanatafuna, sumu itulie. Mnyama anajua dawa yake iko wapi. Mimi siku ile nilikuwa na mkoba wa nepi umekunjwa ndani ya kigari nisichojua kukikunjua.

Ndiyo, kukikunjua. Kitufe chake ni kingine. Nilikibeba kichwani mpaka langoni.

Tena hizi njia za mbao za matembezi, ile maarufu ya Atlantic City, mji wa pwani kule Marekani, ilijengwa mwaka 1870 kwa sababu wageni walikuwa wanaingiza mchanga kwenye hoteli na mabehewa ya treni. Usafi! Nilimwambia mama watoto habari hii usiku ule akiwa anafua. Hakusema kitu. Alinionyesha soksi.

Kwa hiyo leo nimeona nijibu kistaarabu, kwa maswali ya mtu mzima. Nikaandika: Inazunguka, au tunarudi njia ileile? Upana wake watu wawili wanapishana? Mbao zimelazwa kwa urefu au zinakatiza? Maji yanajaa saa ngapi Jumamosi, si Jumamosi iliyopita? Choo kipo au kimechorwa?

Kajibu baada ya saa nzima. Picha tena. Kofia ya manjano, tatu, zimepangwa kitandani, na lebo bado zinaning'inia.

Na kabla sijaweka simu chini mama mkwe naye kaingia kwenye kundi la familia kwa ujumbe wa sauti. Anasema yupo tayari, goti lina nafuu, ila tumuulizie yule kaka wa mapacha kama na wao watakuwepo, maana mtandio wake ulibaki kule.