Yurti milimani: bei poa ya kununua, ila kuitunza je?

Video za yurti zimejaa sana siku hizi, mtu yuko juu milimani Colorado, Marekani, theluji kila upande, ndani jiko la kuni linawaka, na wote wanasema lilelile eti hii ndo nyumba ya bei poa, mkopo wa nini. Kwa asiyeijua, yurti ni lile hema la duara la wafugaji wa Asia ya Kati, ukuta wa fito zilizopishana unaokunjika, fito za paa zinakutana juu kwenye duara la mbao, halafu linavalishwa sufu nzito ya kondoo iliyoshindiliwa. Je, ni bei poa kweli ukihesabu na kuitunza? Mimi naona jibu liko kwenye jambo moja tu, utakuwa unaihamisha au utaiacha hapohapo mwaka mzima.

Ukicheki Kyrgyzstan, ambako duara la juu la yurti, tunduk, liko mpaka kwenye bendera ya taifa, familia zinapanda na mifugo mpaka Ziwa Song-Köl, mita 3,016 kutoka usawa wa bahari, kama mwezi wa sita hivi, na Septemba zinashuka kabla baridi haijakaza. Yurti inasimama kwa masaa machache, haina misumari, ni kamba na ngozi tu. Msimu ukiisha inafunguliwa, sufu inaanikwa, inakung'utwa, ufito uliovunjika unabadilishwa, mzigo unashuka kijijini. Yaani matengenezo yote yamo humohumo kwenye kuhama, hakuna anayeyapangia bajeti.

Ila tusiipambe sana. Sufu inaliwa na nondo, mvua ikikazana inalowa na kuwa nzito balaa, na kuishindilia ni kazi ya mikono mingi, hasa ya akina mama. Ndo maana wengi huko wanatupia turubai au nailoni juu, na kwa kweli siwalaumu.

Sasa njoo Colorado. Unajenga kwanza jukwaa la mbao, unavalisha turubai la plastiki badala ya sufu, unaweka jiko, unaiacha hapo. Juu huko jua ni kali, mionzi yake inayochoma inaongezeka kama asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000, kwahiyo lile turubai ambalo kwa kawaida linakaa miaka 10 mpaka 15 usitegemee lifike huko mwisho. Theluji nayo inataka jiko liwake ili iteleze, ukienda mjini wiki mbili inajazana juu na fito ndo zinabeba. Na unyevu jamani, hili wanaouza hawalisemi kabisa, pumzi zenu na mvuke wa sufuria vinagonga plastiki baridi, vinageuka maji, vinachuruzika nyuma ya ukuta, na ukija kushtuka ukungu umeshaota kitambo na panya wamehamia.

Upande wa pili nao una hoja. Kujenga nyumba ya kweli kwenye mita 3,000 ni pesa ndefu, zege na mbao zote zipandishwe, na msimu wa kujenga ni mfupi, wakati yurti inapanda na gari moja. Na majira ya baridi inayamudu, kuna yurti za kupangisha watu wa ski, yaani wanaoteleza kwenye theluji, kwenye hifadhi ya State Forest hukohuko Colorado, ila pale kuna biashara nzima nyuma yake na watu wa kuziangalia.

Kwahiyo kwa anayekaa miezi ya joto tu kisha anaifungua, mimi nasema nunua bila wasiwasi. Anayeishi humo mwaka mzima ataweza pia, mradi yupo kukoka moto na kukwangua theluji, na ajue kabla hajalipa kwamba turubai la pili nalo lina bei yake. Atakayelia ni yule wa wikiendi moja kwa mwezi, na kusema ukweli hao ndo wateja wakubwa wa hizo video.