Kiti cha Kushoto

Kwanza nijitetee: sikudanganya. Kila neno kwenye CV ile lilikuwa la kweli, hata mama yangu kule Tororo anaweza kuniapia.

Nilikuwa utingo kwa miaka minne, njia ya Mombasa hadi Kampala. Hizo ni zaidi ya kilomita 1,100, na dereva anazipita akiwa amekaa. Anayefunga turubai ni utingo. Anayelala chini ya trela kulinda dizeli ni utingo. Pancha ya saa nane usiku karibu na Salgaa, utingo. Foleni ya mpakani Malaba, dereva anakoroma, utingo anasogea na karatasi. Na lori likirudi nyuma, anayesimama kule mwisho akipaza sauti ni yeye: "Kuja, kuja, kuja! Kata kulia! Nyoosha! Hapo!" Halafu anagonga bodi mara mbili na lori linasimama. Kwa hilo, bila kujisifu, mimi ni fundi.

Dereva wangu alipoacha safari kwa sababu ya mgongo, nikabaki Malaba mikono mitupu. Nikaenda kwa dada mmoja mwenye kibanda cha kuchapa, nikamweleza kazi yangu yote. Akaniangalia kwa huruma.

"Kaka, utingo haiandikwi kwenye CV."

Akachapa kwa Kiingereza cha kuvaa suti: uzoefu wa miaka minne, malori ya masafa marefu, Mombasa hadi Kampala, mjuzi wa taratibu za mpakani. Shilingi 5,000, picha juu. Nilipoisoma nilijiheshimu. Malori yalikuwemo, kilomita zilikuwemo, nchi mbili zilikuwemo. Kilichokosekana ni kitenzi tu.

Yadi moja upande wa Namanve, karibu na Kampala, ilikuwa inatafuta "watu wa malori". Nani tena kama si mimi? Mwenye yadi alikuwa mama mmoja mnene, mpole, miwani puani.

"Umefika Mombasa?"

"Mara nyingi, Mama."

"Ule mteremko wa Salgaa unaujua?"

"Naujua hata nikiwa usingizini." Na kweli, mara nyingi niliupita nikiwa usingizini.

"Umewahi kusababisha ajali?"

"Hata moja, Mama."

Akatabasamu. "Vizuri. Permiti utaileta Jumatatu ukija kutia saini." Nikadhani anasema ile karatasi ya kuvukia mpaka, si leseni ya udereva, nikajibu ninayo nyumbani.

Hapo akanirushia ufunguo. "Ile nyeupe inaziba geti. Irudishe pale ukutani ipakiwe."

Najua unachotaka kuniambia. Lakini nilikuwa nimekunywa chai kavu tangu juzi, na ufunguo ulikuwa tayari mkononi. Nikaiendea ile trela, nikapanda, nikafunga mlango, nikakaa. Nikasubiri. Dakika nzima ilipita ndipo nikagundua kwamba nimekaa kiti cha kushoto, namsubiri dereva.

Mama akagonga mlango. "Kuna tatizo?"

"Naangalia vioo, Mama."

Nikahamia kulia. Kuwasha injini nilijua, maana kila alfajiri kazi ya kuipasha moto ilikuwa yangu. Breki zikapumua pssshh, nikaona mambo si magumu. Kwenda mbele nikaenda, hatua kama kumi. Kisha nikatia gia ya kurudi.

Sasa, trela ina tabia yake. Ukikata usukani kulia, mkia unakwenda kushoto. Miaka minne nimepiga kelele "kata kulia" bila kujiuliza ni kulia kwa nani! Nikatazama kwenye kioo nimtafute mtu wa kunielekeza. Hakuna mtu. Yule mtu ni mimi, na mimi nilikuwa huku mbele. Kwa hofu nikatoa kichwa dirishani nikajiita mwenyewe: "Kuja! Kuja! Kuja!"

Askari wa geti akasikia anaitwa, akaja mbio.

Nikamkwepa. Kichwa kikaenda huku, trela kule, lori likajikunja kama kisu cha kukunja, na kona ya bodi ikaegemea nguzo ya geti. Nguzo haikuanguka, ila ilibadili msimamo. Nje malori sita yanapiga honi. Ndani, gari la Mama limefungiwa, naye ana kikao mjini saa tano. Bodaboda wakawa wanainama kupita chini ya trela, mmoja na abiria wake. Aliyefurahi ni muuza rolex wa pembeni, zile chapati za kukunjwa na mayai: madereva wote walishuka kula, na trei yake ya mayai ikaisha kabla ya saa nne.

Akaja mzee mmoja kutoka kwenye foleni, kofia ya mkeka, kijiti mdomoni. Akazunguka lori mara mbili kama anayenunua ng'ombe.

"Kijana, utingo wako yuko wapi?"

"Ni mimi, mzee."

"Na dereva?"

"Dereva hakuja."

Akacheka mpaka kijiti kikadondoka. Akapanda, nami nikakimbilia nyuma, mahali pangu. "Kuja, kuja! Kata kushoto! Kidogo! Nyoosha! Kuja, kuja... hapo!" Mara tatu mbele, mara tatu nyuma, trela ikalala ukutani, nafasi ya vidole viwili. Nikagonga bodi mara mbili. Hata askari alipiga makofi.

Mama alikuwa kivulini na CV yangu, anaisoma upya, polepole.

"Hapa pameandikwa uzoefu wa malori ya masafa marefu. Uzoefu wa kufanya nini humo?"

"Kukaa, Mama. Na kupiga kelele."

Akavua miwani. Akachukua kalamu, akaandika juu ya ile karatasi, juu kabisa ya picha yangu, herufi kubwa: UTINGO. Akaniambia nifike Jumatatu saa moja asubuhi, na kwamba nguzo itakatwa kwenye mshahara.

Sikuthubutu kuuliza ni miezi mingapi.