Karatasi mmeacha, dizeli je?

Kila barua pepe ya kampuni moja ninayofanya nayo biashara hapa Kampala huishia na kimti cha kijani na maneno: "Tunajali mazingira, usichapishe." Jumanne nikaenda ofisini kwao kufuata malipo yangu. Dada wa mapokezi, kwa adabu zote: "Mzee, ankara umekuja nayo?" Nikamwonyesha simu. "Hapana, iliyochapishwa. Nakala mbili, na mhuri." Boda hadi kibandani, boda kurudi. Wao hawatumii karatasi. Karatasi natumia mimi, na petroli juu yake.

Ila karatasi si kitu. Kilichoniudhi kilikuwa kinanguruma nyuma ya jengo. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Askari wa getini akaniambia siku kama hiyo jenereta hunywa jerikani mbili, na kwamba zamani walikuwa wakiizima saa ya chakula. Siku hizi haizimwi, "kwa sababu ya zile mashine za ndani." Zile mashine ni seva, yaani kompyuta za kuhifadhi data zao, na kiyoyozi chake kisichozimwa. Jerikani mbili ni lita 40. Lita moja ya dizeli hutoa kama kilo 2.7 za hewa ukaa. Basi ni zaidi ya kilo 100 kwa siku, ili kimti kiendelee kututembelea.

Na umeme wetu wenyewe karibu wote ni wa maji! Mabwawa ya Nalubaale, Kiira, Bujagali, Isimba, sasa na Karuma yenye megawati 600. Kompyuta iliyochomekwa ukutani hapa haina moshi wa kutisha, si kama kwa wanaochoma makaa ya mawe. Moshi wa kampuni zetu uko kwenye kinachowashwa stima ikipotea, na kwenye malori. Wakiweka sola na betri kwa ajili ya zile seva, nitakiheshimu kimti. Wakitumia hizo kompyuta zao kupanga malori yasirudi matupu kutoka Gulu, nitakipigia magoti kabisa.

Haya, nakubali, simu imeokoa safari. Kabla ya pesa za simu kuingia 2009, karo ya mdogo wangu aliyekuwa Arua nilikuwa namkabidhi kondakta wa basi, halafu silali. (Minara mingine ya simu nayo inakunywa dizeli, lakini leo tuiache.) Wakubwa nao wasitutambie: Google walitangaza wenyewe mwaka 2024 kwamba hewa ukaa yao ilikuwa imepanda asilimia 48 tangu 2019, na vituo vya data, yaani majengo yaliyojaa seva, ni sababu mojawapo kubwa. Na kompyuta zenu kuukuu, mabosi, mnazipeleka wapi?

Malipo yangu? Nimeambiwa nirudi Ijumaa. Mfumo ulikuwa umelala. Jenereta ilikuwa macho.