Banda la Uani, Eti Kazi ya Wikiendi Moja

Yule aliyesema kujenga banda la vifaa uani ni kazi ya wikiendi moja, ajitokeze. Hatumpigi. Tunampa koleo, tunamwonyesha mahali, halafu tunavuta kiti.

Maana wikiendi yenyewe inaliwa na ardhi, kitu ambacho hakitaonekana hata kwenye picha. Kwenye picha banda limekaa juu ya majani kana kwamba limeshuka na mvua. Hakuna anayepiga picha ya mtu akikwangua udongo wenye mizizi, sentimita 20 kwenda chini, mita 3 kwa mita 2.4. Piga hesabu: ni karibu mita moja na nusu za ujazo, na udongo ukishachimbwa huvimba, kwa hiyo hesabu toroli 25 hivi. Za kwenda wapi? Hilo halijaandikwa popote. Asubuhi ulikuwa na uani, jioni una shimo na kilima, na banda bado liko kichwani.

Zinafuata kona. Kila mtu ana imani na jicho lake, na jicho ni tapeli. Umepigilia vigingi, umefunga kamba, umerudi nyuma hatua tatu, umetikisa kichwa kwa kuridhika. Sasa pima ulalo, kona hadi kona ya mbali. Kwa banda la mita 3 kwa 2.4 unatakiwa kupata mita 3 na sentimita 84, na ulalo wa pili usome vilevile. Ukisoma 3.84 huku na 3.78 kule, hujatengeneza mstatili, umetengeneza swali la mtihani. Unasogeza kigingi kimoja, ulalo wa kwanza unakaa sawa, wa pili unaharibika. Unarudi. Ukitaka kuanza na kona moja iliyo hakika, pima sentimita 90 upande mmoja, 120 upande wa pili, na kati ya alama hizo mbili pawe 150 kamili. Wanaoruka hatua hii hawaadhibiwi hapo. Wanaadhibiwa wiki tatu baadaye wakiwa juu ya ngazi, bati la kwanza limekaa vizuri na la mwisho limeingia ndani sentimita 6 upande mmoja kama mdomo ulionuna.

Halafu zege. Kifusi sentimita 15, kishindiliwe kweli, si kukanyagwakanyagwa kwa viatu. Juu yake nailoni nzito ya kuzuia unyevu usipande. Juu yake zege sentimita 10, ili sakafu isimame sentimita 5 juu ya ardhi na maji ya mvua yasiingie bila kubisha. Kwa uwiano wa saruji 1, mchanga 2, kokoto 4, sakafu hiyo inakula mifuko 5 ya kilo 50. Mpaka hapo hakuna ubishi. Ubishi unaanza kwenye maji, kwa sababu zege la kukoroga kwa mkono ni zito, mgongo unauma, na ndoo ya maji iko karibu. Ukiongeza maji koleo linateleza vizuri, roho inatulia, na zege limeshakufa. Maji yaliyozidi yanapokauka yanaacha vitundu, na baada ya miezi michache unafagia sakafu na sakafu yenyewe inafagika. Lirundike kwa koleo: likibaki limesimama na kung'aa mgongoni, sawa. Likianza safari, umeshachelewa.

Na bolti! Bolti za milimita 12 za kushika fremu ya chini huchomekwa zege likiwa bichi, kila mita 1.2, sentimita 5 kutoka ukingoni. Zinakumbukwa lini? Zege likishakauka. Wachache wanaokumbuka kwa wakati huzichomeka pale pale ambapo nguzo ya ukuta itasimama, kwa hiyo siku ya fremu unakuta bolti inakodolea macho mbao, na mbao inakodolea macho bolti, na hakuna anayempisha mwenzake. Weka alama za nguzo kwenye mbao za kuzuia zege kabla hujamwaga. Dakika kumi tu.

Zege likishamwagwa linafunikwa na kumwagiwa maji siku 7, na nguvu yake kamili huhesabiwa siku ya 28. Wikiendi moja, ndugu yangu. Wikiendi moja!

Tufike kwenye mbao, ambako uongo umehalalishwa kabisa. Mbao inaitwa mbili kwa nne, yaani inchi. Ikishapigwa randa, ipime: milimita 38 kwa 89. Mbili iko wapi, nne iko wapi, hakuna anayejibu. Ambayo haijapigwa randa inakaribia sentimita 5 kwa 10, ila kila moja inakaribia kwa namna yake. Usichanganye hizo aina mbili kwenye ukuta mmoja, utapata ukuta wenye mbavu.

Na tepu. Ile ndoano ya mwanzoni inachezacheza, na mtu mwenye bidii akiiona hivyo anaigonga nyundo ikaze. Mwache mwenzako apumzike! Imewekwa icheze makusudi. Inacheza kwa unene wake yenyewe, ili ukivutia nje ya ubao isome sawa, na ukisukumia ndani ya kona isome sawa. Ukiikaza umejinunulia kosa la milimita moja, ama kwa vipimo vya nje ama vya ndani, maisha yote ya tepu hiyo.

Msumeno nao una haki yake. Una mbao ya sentimita 240, unataka vipande vinne vya 60. Umechora alama zote tatu kwa pamoja, umekata, kipande cha mwisho kimekuja 59 na kidogo. Nani kaiba? Meno ya msumeno yana unene wa milimita 3 hivi, mara tatu, zimekwenda na vumbi. Chora alama moja, kata upande wa takataka wa mstari, ndipo uchore ya pili. Na nunua mbao ndefu kuliko hesabu yako.

Sasa nguzo za ukuta, na hapa naomba utulivu. Plaiwudi ya kufunikia ina upana wa sentimita 122. Kwa hiyo nguzo zinasimama kila sentimita 61, ili ukingo wa plaiwudi uangukie katikati ya nguzo na plaiwudi ya pili ipate pa kukalia. Kila sentimita 61, sawa, lakini kutoka wapi hadi wapi? Watu wanakata kijiti cha sentimita 61, wanakiweka kati ya nguzo na nguzo, wanapigilia kwa raha zao wakiimba. Hebu tuwahesabie. Nguzo ya kwanza ni sentimita 5, nafasi 61, nguzo ya pili inaishia 71, nafasi nyingine 61, nguzo ya tatu inaanzia 132. Plaiwudi imeishia 122. Ukingo unaning'inia hewani, sentimita 10 kutoka kwa ndugu yake wa karibu, na nyimbo zimekwisha. Kipimo ni katikati ya nguzo hadi katikati ya nguzo, isipokuwa ile ya kwanza: hapo unapima kutoka ukingo wake wa nje hadi katikati ya ya pili. Hii "isipokuwa" moja imeangusha watu wenye akili zao.

Plaiwudi ya nje iachwe ishuke sentimita 2 au 3 chini ya mahali fremu inapokutana na zege, maji yadondoke nje badala ya kunyonywa chini ya mbao. Kila ncha uliyokata ipakwe dawa upya, kwa sababu dawa ya mchwa na kuoza haiendi hadi moyoni mwa mbao, na mchwa hasomi lebo. Msumari karibu na ncha ya mbao utapasua. Geuza msumari, gonga ncha yake ibutuke kidogo kabla ya kuupiga; mkali hupenya kama kabari na kuachanisha nyuzi, butu huzikata. Ndiyo, msumari mbovu ndio mzuri. Usiniulize mimi.

Paa la upande mmoja: ukuta wa mbele mita 2.4, wa nyuma mita 1.95. Hizo sentimita 45 ndizo mteremko, kama nyuzi 10 na ushei. Punguza hapo uone maji yakikaa juu ya bati kama wageni wasioaga. Bati la mita 3 linavuka kutoka mbele hadi nyuma na kubakiza mapindo ya kufunika kuta, kwa hiyo hakuna maungio ya katikati, na hilo ni jambo la kushukuru maana mengine yote ni tabu. Kwa mabati ya mawimbi, pishanisha wimbi moja na nusu ubavuni. Kila bati litakubakizia upana wa sentimita 65 hivi, kwa hiyo mabati 6 kwa mita 3 na mapindo yake. Yule aliyegawanya upana wa paa kwa upana wa bati zima atabaki na ufito wa anga. Anza upande usiopigwa na upepo, kila bati jipya lilalie lililotangulia, ili upepo upite juu ya ungio na usipate pa kuingiza kidole.

Msumari wa bati unapigwa kwenye mgongo wa wimbi. Mgongo! Bondeni ndiko maji yanakopita, na wewe umewatobolea dirisha. Piga mpaka raba iliyo chini ya kichwa cha msumari ibanike, kisha acha. Wapo wanaoongeza nyundo mbili za hasira, raba inapasuka, mgongo unabonyea, na wametengeneza bakuli lenye tundu katikati. Kabla ya yote, mbao za paa zifungwe kwenye kuta kwa mikanda ya bati, si misumari peke yake. Upepo hausukumi paa chini, unalinyanyua, na msumari uliopigwa kutoka juu hutoka kwa njia ile ile ulioingilia.

Usizibe kila tundu chini ya paa ukidhani unajenga jokofu. Usiku bati linapoa, hewa yenye unyevu ikiligusa inageuka maji, na asubuhi banda linavuja bila mvua. Utapanda juu na silikoni kutafuta tundu ambalo halipo. Acha nafasi mbele na nyuma, weka wavu, hewa ipite.

Mlango sasa. Mlango wa mbao za kusimama una mbao mbili au tatu za kulala na moja ya mshazari. Ile ya mshazari haipo kwa urembo. Inaanzia chini upande wa bawaba na kupanda kwenda juu upande wa komeo, ili uzito wa upande usio na bawaba uteremkie kwenye bawaba ya chini. Ukiigeuza, mbao inavutwa badala ya kusukumwa, misumari inalegea, na baada ya miezi michache mlango unafunguka kwa kunyanyuliwa kwa goti. Tembea mitaa miwili mitatu uangalie mageti ya mbao. Utazoea kutikisa kichwa.

Bawaba tatu, kwa skrubu, si misumari. Pembeni acha milimita 3, chini sentimita 1, kwa sababu mbao huvimba msimu wa mvua na haitakuomba ruhusa. Upana sentimita 90: toroli linapita, na vidole vya anayelisukuma vinapita pia. Komeo la kufuli lifungwe mahali ambapo kufuli likishafungwa vichwa vya skrubu vinafichika. Vinginevyo umenunua kufuli nene, la chuma, zito, na mwizi amekuja na bisibisi.

Ndani kuna raha kidogo, kwa kuwa zile nguzo za kila sentimita 61 ziko wazi na rafu inapata pa kushika. Plaiwudi ya milimita 18 ikishikiliwa kila nguzo hailegei. Ukiiachia zaidi ya sentimita 80 bila mguu, makopo ya rangi yataitengenezea tumbo. Kati ya nguzo na nguzo mna kina cha sentimita 10, panatosha makopo madogo na chupa. Meza ya kazi isimame sentimita 90. Majembe na reki yatundikwe vichwa juu kwenye misumari miwili miwili, kwa sababu reki iliyolala sakafuni huwa inasubiri mtu maalumu. Saruji iliyobaki ikae juu ya vipande vya mbao, mbali na ukuta, na itumike upesi, maana hata mfuko uliofungwa hupoteza nguvu miezi ikipita.

Imebaki ngazi. Ina mita 3, banda lina mita 3, mtu anaibeba akiwa ametulia kabisa. Mita 3 ni nje. Toa sentimita 10 za nguzo huku na 10 kule, ndani umebaki na 2.8. Kuisimamisha haiwezekani, bati liko mita 2.4 kwa mbele. Kuilaza kona hadi kona inaingia, ila basi hakuna kingine kitakachoingia, ukiwemo wewe. Itatundikwa nje, ukuta wa nyuma chini ya pindo la bati, kwenye ndoano mbili zilizofungwa kwenye nguzo. Na inunuliwe kufuli ya pili na mnyororo, maana ngazi iliyoachwa wazi nje inamfikisha mwizi hadi dirisha la juu.