Mkojo wa mpulizia dawa unaona nini

Yakizungumzwa madhara ya viuatilifu kwa wakulima wa nyanya wa Ilula, Iringa, au wa viazi wa Umalila, Mbeya, wengi hudai wapimwe damu. Kipimo hicho cha kolinesterasi, kimeng'enya ambacho mishipa ya fahamu hukitegemea, si ghali, na huonyesha kama dawa imeshaanza kuuathiri mwili. Shida ni kwamba kinafichua oganofosfeti na kabameti tu, makundi mawili ya dawa za kuua wadudu. Huku kwetu kwenye mvua na baridi, dawa ya bakajani, ugonjwa wa ukungu unaokausha majani ya nyanya na viazi, inayopuliziwa mara kwa mara ni mankozebu, na hiyo haikisumbui kimeng'enya kile. Mtu atapulizia mwezi mzima, damu iseme hana neno.

Mkojo unaona zaidi. Mwili ukivunja mankozebu hutoa ETU, kemikali iliyodhuru tezi ya thairoidi kwa wanyama wa maabara. Klopirifosi, dawa ya wadudu ya kundi la oganofosfeti, huacha baki liitwalo TCPy. Pairethroidi nyingi, kundi jingine la dawa za wadudu, huacha 3-PBA. Mashine za maabara, kromatografia ya kutenganisha kemikali ikiunganishwa na masi spektrometa ya kuzitambua, huyanasa mabaki hayo hata yakiwa mikrogramu chache kwenye lita. Na hakuna anayechomwa sindano.

Wanaokipinga kipimo hiki cha mkojo hawabahatishi. Nusu ya TCPy hutoka mwilini kwa takriban saa 27, hivyo aliyepulizia Jumatatu, mkojo wake wa Ijumaa unaweza kumtoa msafi. Aliyeshinda shambani bila kunywa maji hukojoa mkojo mzito na kila kitu huonekana kingi. Maabara hurekebisha kwa kulinganisha na kreatinini, taka ya mwili iliyomo kwenye kila mkojo, lakini hiyo hutokana na misuli, kwa hiyo kumlinganisha mtoto na baba yake anayebeba bomba mgongoni kuna mitego. Kuna na hili, dogo lakini hunikera: ETU imo hata kwenye unga wenyewe wa dawa. Mtu ametoka kukoroga ndoo, hajanawa, anashika mdomo wa kichupa. Sampuli imeharibika hapo hapo. Tena ETU huzaliwa mboga zenye mabaki zikipikwa, ndiyo maana hata mwalimu asiye na shamba anaweza kukutwa nayo.

Gharama sibishani nayo: mashine ni ghali, na sampuli zinataka kugandishwa hadi zifike maabara. Lakini hoja nzito kuliko zote ni kwamba namba ya mkojo haimwambii mtu kama anaumwa.

Kwa hiyo kukipeleka zahanati kama kipimo cha ugonjwa ni kupotoka. Mimi ningekitumia kupima vifaa vya kujikinga. Kichupa cha kwanza kabla mkulima hajachanganya dawa, cha pili kesho yake asubuhi. Mzunguko unaofuata wa kupulizia arudie akiwa na glavu na buti. Hapo analinganishwa na nafsi yake, na suala la misuli linapungua sana. Kama zile glavu nyembamba za dukani hazizuii kitu, atajua kabla hajanunua nyingine.