Pointi Mbili

Serikali ya hapa Uingereza ikitaka kura yako, inakugongea mlango huku inatabasamu. Ikitaka kukunyima pesa, haigongi. Inasukuma bahasha ya kahawia kwenye kitundu cha barua na kuondoka zake. Mimi ni mtu wa Mombasa, nakaa Leicester, nina usonji (Waingereza huuita autism) uliokuja kugunduliwa nimeshaota ndevu, na bahasha hizo siku hizi nazitambua hata kabla hazijagusa zulia.

Wacha niwaeleze hii PIP, maana kuna jamaa zangu kule nyumbani wanadhani ni mshahara wa kulala. Jina lake refu ni Personal Independence Payment, ilianza 2013, na ni posho ya watu wazima wenye ulemavu au maradhi ya kudumu. Uwe na kazi usiwe nayo, haiwahusu. Mimi mwenyewe nafanya kazi ghalani, zamu ya usiku, nahesabu maboksi. Naipenda kazi hiyo kwa sababu boksi halikuulizi wikiendi yako ilikuwaje.

Jambo la pili: hawalipi jina la ugonjwa. Uende na cheti chenye mihuri minane, haidhuru kitu. Wanachotazama ni unakwama wapi. Wana mambo 12 wanayoyapima: 10 ya maisha ya kila siku, kama kupika, kuoga, kuvaa na kuchanganyika na watu, na 2 ya kutoka na kutembea. Kila jambo lina pointi zake. Upande wowote ukifika 8 unapata kiwango cha kawaida, ukifika 12 unapata cha juu. Mimi nikaomba, nikapewa 2. Pointi mbili, jamani! Timu ya kushuka daraja inamaliza ligi na zaidi ya hizo, tena imefungwa nyumbani na ugenini.

Mbili zenyewe nilizipataje? Tathmini ilifanywa kwa simu. Soma tena: mtu anayelalamika kuwa kuongea na watu kunamshinda, na ambaye simu ikilia anaificha chini ya mto mpaka inyamaze, anapimwa tatizo hilo kwa kupigiwa simu na mtu asiyemjua.

Yule dada wa tathmini akaanza kwa kuniuliza habari yangu. Sasa mimi nimelelewa na bibi, na kwa bibi ukiulizwa habari unajibu njema, hata kama jeneza limo sebuleni. Matatizo yanafuata baadaye, kwa zamu yake. Nikamwambia mimi salama, alhamdulillahi, na wewe je? Akasema mzima. Na watu wa nyumbani? Akanyamaza kidogo, akasema nao wazima. Na kazi? Hapo akacheka. Kuja kusoma ripoti yake: mteja ni mchangamfu, alianzisha mazungumzo mwenyewe, hakuonyesha dalili yoyote ya wasiwasi. Hakuonyesha! Kwa simu! Nilikuwa nimeketi chini ya meza ya chakula na taulo kichwani. Kile alichokisikia si uchangamfu, ni salamu, nazijua kwa moyo tangu nina miaka minne. Baada ya salamu ndipo ninapopotea, lakini yeye alikuwa keshaandika.

Akaniuliza kuhusu safari. Hapo nikafaidi. Mabasi ya Leicester nayapenda, nayajua yanakotoka, yanakopita, na ya Jumapili yanavyojificha. Nikamweleza yote, sikumficha hata kituo kimoja. Ripoti: ana uwezo mzuri wa kupanga na kufuata safari.

Hakuniuliza basi likibadilishwa njia inakuwaje. Kuna siku nilitoka kazini alfajiri, kufika kituoni nakuta karatasi ya njano imefungwa kwenye nguzo kwa utepe wa plastiki: kituo kimefungwa, barabara inachimbwa, tumia kile kingine. Kile kingine chenyewe nilikuwa nakiona, wallahi, pale mbele ya duka la simu. Lakini si kituo changu. Nikasoma ile karatasi tangu juu hadi chini, nikarudia, nikaanza kusoma na namba ndogo ya mchapishaji kule pembeni. Mabasi yakapita upande wa pili, moja baada ya jingine, miguu imekataa. Mvua ikanianza, watoto wa shule wakaja wakanitazama wakaenda. Aliyenitoa pale ni dada yangu, kaja na gari bado yuko na kanga ya kulalia chini ya koti. Hiyo ndiyo safari yangu nzuri niliyoipanga vizuri.

Na kupika? Nikaulizwa unapika, nikasema ndiyo. Sasa nidanganye? Mayai napika. Kinachotokea kati ya kuvunja yai na kulila hakikuulizwa. Nikiwasha jiko, friji nayo inaanza kuvuma, na mimi friji ikivuma siwezi kusikia kitu kingine hata mawazo yangu. Mafuta yanashika moto taratibu, moshi unapanda, king'ora cha dari kinapiga yowe. Na kile king'ora kimewekwa kuniokoa, eti, lakini kikilia mimi naziba masikio na kukimbilia chooni, jiko nimeliacha linawaka. Ndiyo maana dada, anayekaa mtaa wa pili, anakuja kusimama pale jikoni mikono kiunoni kila ninaposhika mwiko. Lakini swali lilikuwa unapika, nami napika.

Kuna mama mmoja wa kujitolea, mshauri wa mambo ya posho, ndiye aliyenifungua macho. Akaniambia mwanangu, sheria haiulizi unaweza mara moja moja. Inauliza kama unaweza kwa usalama, kwa kiwango cha kuridhisha, kila unapohitaji kufanya, na bila kuchukua zaidi ya mara mbili ya muda wa mtu asiye na shida yako. Hivyo vinne vikikosa hata kimoja, na ikawa hivyo katika zaidi ya nusu ya siku zako zote, basi huhesabiwi kuwa unaweza. Nikamtazama. Maneno muhimu namna hiyo, sikukutana nayo hata mara moja katika yale mazungumzo ya simu.

Huendi kwenye rufaa moja kwa moja, lakini. Kwanza ndani ya mwezi mmoja unawaomba walewale waliokukatalia waangalie upya uamuzi wao. Wakaangalia. Wakaona walivyoona. Barua ikaja imeandikwa kwa upole ambao unaweza kuufremu: wanaelewa kuwa nitasikitika. Pointi, mbili.

Ndipo unapata mwezi mwingine wa kukata rufaa kwenye baraza, yaani mahakama ndogo ya rufaa, ambalo halimo chini ya hiyo idara ya serikali inayotoa posho, na hulipi hata senti. Wakaniletea rundo la makaratasi ya kesi yangu, zito hata mtu wa posta alitweta. Nikalisoma lote. Nikapanga makosa ya ripoti kwa rangi: njano kwa yasiyo kweli, kijani kwa yaliyo kweli lakini hayahusu, na waridi kwa makosa ya nukta na mikato. Mama mshauri akaniambia hayo ya waridi tuyaache. Iliniuma.

Kabla ya siku ya kesi ikaanza kunipigia namba isiyojulikana. Kumbe ni idara, wanataka kuongeza pointi kidogo tumalizane kabla ya hakimu hajaingia. Sikupokea. Watu wakadhani nina msimamo, mkakati, moyo wa chuma. Hapana. Ilikuwa simu, nikaiweka chini ya mto.

Siku yenyewe wakakaa watatu: hakimu, daktari, na mtu wa tatu anayejua mambo ya ulemavu kwa undani. Wa idara hakuja hata mmoja. Niliomba mapema niulizwe swali moja moja na ile taa inayopepesa izimwe, wakaizima. Nikafikiria, kumbe inawezekana, swichi iko palepale ukutani miaka yote.

Hakimu hakuniuliza unapika. Akasema, hebu nieleze mara ya mwisho ulipopika, kuanzia mwanzo. Haya! Swali ndilo hilo. Nikamweleza tangu kufungua friji. Daktari akauliza nani alizima jiko. Nikasema dada. Akaandika.

Taabu ikawa ni dada mwenyewe, aliyekuja kama shahidi. Dada yangu ni mwanamke wa Kisauni, na akikusudia kukutetea anakuzika kwanza. Akasema mheshimiwa, huyu ndugu yangu hawezi kitu, hata kimoja. Nikanyosha mkono: viatu nafunga mwenyewe. Akasema bila mimi hajui leo ni lini. Nikataja tarehe, nikaongeza ya Kiislamu. Akanipiga teke chini ya meza, nikamuuliza kwa sauti mbona unanipiga teke. Mtu wa tatu akainama kutafuta kalamu ambayo alikuwa ameishika. Dada akaamua kuhamia kwenye kisa cha Idi iliyopita, nilivyotoroka msikitini nikapatikana nimejifungia ndani ya gari la mtu. Kisa kizuri, ana haki ya kukipenda. Hakimu akamkatiza kwa adabu: baraza linatazama hali ilivyokuwa siku uamuzi ulipotolewa, na hiyo Idi ilikuja baadaye. Dada alikuwa amekipangilia kile kisa wiki nzima.

Wakatutoa nje, wakatuita tena. Kupika 2, kwa sababu ya kuhitaji kuhimizwa. Kuoga 2, maana bila dada kunituma maji nayasahau. Kuchanganyika na watu 4. Jumla 8. Safari, kwa kushindwa kufuata njia nisiyoizoea bila mtu, 10. Kwa viwango vya 2025/26 ni pauni 73.90 na 29.20 kwa wiki, inakuja kila baada ya wiki nne, pamoja na malimbikizo tangu nilipoomba.

Malimbikizo hayo hata hayajagusa benki, mjomba katuma sauti ya WhatsApp kutoka Likoni. Huyu ndiye aliyesema usonji ni uvivu wa watoto wa Ulaya. Sasa anasema ameusoma sana, ni jambo zito, tena anahisi na yeye anao, na paa lake linavuja.

Na barua ya ushindi ina tarehe ya kwisha. Miaka mitatu. Kabla haijaisha wataleta fomu nyingine kuuliza, jambo kwa jambo, kama hali imekuwa nyepesi, imekuwa nzito au iko vilevile. Nimezaliwa na usonji, nitazikwa nao, ila wao wanaona ni vizuri kupita kuchungulia. Dada ameshasema safari hiyo kalamu atashika yeye. Nimemkubalia, kwa sharti la viatu. Hataki.